Mafiga matatu yenye chepeo, au namna ya kumfinyanga bwana mkubwa akubebee chungu

Kabla ya yote, nyie mliozaliwa jiko la gesi lishaingia ndani, figa ni lile jiwe la jikoni. Yapo matatu, chungu kinakaa juu, kuni zinaingia kati. Wengine mnasema mafya, sawa tu, hatugombani kwa hilo. Bibi yangu kule Pemba alikuwa nayo ya mawe kwa masufuria ya shughuli na ya udongo kwa matumizi ya kila siku, aliyafinyanga mwenyewe maana kazi yake ilikuwa vyungu, na leo ntawaonesha namna ya kufinyanga hayo ya udongo ila haya yetu yatakuwa na tumbo, yatakuwa na vifungo vya koti, na kichwani yatavaa chepeo, yaani mabwana wakubwa watatu wa zama za Mwingereza wamechuchumaa jikoni kwako wamebeba chungu cha ubwabwa. Hawasemi kitu. Wanabeba tu.

Wazo nimeliiba kwa Wachina, na itabidi nilieleze kidogo kwa sababu usipojua mzaha umekaa wapi utafinyanga kisanamu cha kuwauzia watalii Forodhani halafu useme mie ndo nimekufundisha.

Mtu aliyebeba kona ya hekalu

Sehemu ya kisiwa cha Taiwan ilitawaliwa na Waholanzi kuanzia 1624 hadi 1662, kampuni yao ileile ya biashara iliyokuwa ikizunguka bahari zote hizi. Wachina waliovuka kutoka Fujian, jimbo la China lililo ng'ambo ya pili, kwenda kulima miwa na mpunga kule wakawekewa kodi ya kichwa, kila mwezi unalipa unapewa karatasi, na askari wanapita kukagua karatasi hata usiku, huna basi faini, na mnajua wenyewe askari mwenye njaa akishapewa ruhusa ya kugonga milango ya watu kinafuata nini. 1652 wakulima wakainuka wakiongozwa na Guo Huaiyi, mikononi wana mianzi iliyochongwa na zana za shamba, wakapigwa vibaya mno, walikufa kwa maelfu. Miaka tisa baadae, 1661, akaja jemadari wa Kichina Zheng Chenggong na meli zake akaizingira Zeelandia, ngome ya Mholanzi, miezi tisa mpaka Februari 1662 Mholanzi akafungasha.

Sasa ukienda kwenye mahekalu ya huko ukainua macho pembeni ya paa, pale boriti zinapokutana, utakuta kijitu kimechuchumaa. Tumbo nje, macho yamemtoka, meno yameumana, magoti yamepanuka, na paa lote la hekalu liko mabegani kwake. Watu wa huko wana jina lake kabisa, ukilifasiri ni kama "mgeni mjinga abebae kona ya hekalu". Wengi wamechongwa kwa mbao au jiwe, wengine ni wa udongo, ule udongo wa kuchomwa kwa moto mdogo wenye rangi kali za kung'aa ambao mafundi wa Taiwan wamesifika nao, mmoja wao Ye Wang (1826–1887) kazi zake watu wanazitunza mpaka leo. Na hadithi inayosimuliwa ni kwamba mafundi walikuwa na machungu na Mholanzi, wao walimwita mwenye nywele nyekundu, hawana bunduki, hawana mahakama, wakamkamata kwa patasi na udongo wakamwambia haya, ulikuja kukaa juu yetu, sasa kaa chini ya paa ubebe, mvua yako jua lako.

Wapo wanaosema kijitu kile ni cha kale kuliko Mholanzi, eti kinatokana na yale majitu ya nguvu ya mahekalu ya Kibuddha. Mi naona vyote viwili vinaweza kuwa kweli na hapo hasa ndipo penye utamu, maana fundi akiitwa aulizwe huyu nani, anajibu huyu? Ah, hii desturi tu bwana, zamani ipo. Utamfunga kwa lipi?

Hiyo ndo siri yote ya kazi hii na naomba uishike kabla hujagusa udongo. Mzaha haupo kwenye sura. Hajachorwa pua ya ajabu, hajaandikwa jina, hajatukanwa. Amepewa kazi. Yule ambae maisha yake yote alibebewa, kwenye kiti, kwenye machela, mizigo yake vichwani mwa watu, leo anabeba yeye na hapumziki.

Na sisi hili hatulishangai. Kanga inafanya hivohivo kila siku, mwanamke anapita mbele ya jirani kavaa maneno, jirani akiuliza unanisema mimi? Ah, nguo tu hii dada, nimenunua Darajani. Mdhaniaye siye kumbe ndiye. Na watu wa ngoma ya beni walivaa magwanda na vyeo vya kizungu wakacheza gwaride mbele ya haohao wenye magwanda, na Siti binti Saad aliziimba kesi za mahakamani mpaka hukumu inajadiliwa barazani. Kwahiyo mafiga haya ni mgeni lakini ndugu anao.

Chagua mabwana wako

Watatu, maana mafiga ni matatu, na kuna sababu ya kitaalamu pia, kitu chenye miguu mitatu hakichezi hata sakafu iwe mbovu vipi, kikiwa na minne kitacheza tu. Mie nimewachagua hawa, wewe fanya utakavyo.

Wa kwanza Balozi, ndivyo walivyomwita wazee yule Mwingereza mkuu aliyekaa hapa Unguja baada ya nchi kuwekwa chini ya himaya 1890. Alama yake chepeo yenye manyoya juu. Utaona mbele huko manyoya yanalala chini kwa kuwa chungu kimeyakalia, na mie sijafanya makusudi, ni mambo ya ufundi.

Wa pili hakimu. Huyu nimemuweka kwa ajili ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, 1928 wakati wa ule mgomo wa kodi ya ardhi, watu walikataa kulipa kodi za viwanja na waliotolewa kwenye nyumba kwa amri ya korti wenzao waliwarudisha ndani. Alama yake wigi. Utaviringisha viudongo vidogo kama visheti uvipange safu safu pembeni ya kichwa, inapendeza kweli, watoto wanaipenda kazi hii kuliko zote.

Wa tatu bwana mifugo. Julai 1951 wakulima wa Kiembe Samaki na vijiji vya jirani walikataa ng'ombe wao kudungwa madawa ya serikali, wakakamatwa, watu wakaja kuwatoa, polisi wakapiga risasi na watu wakafa, ndo ile wazee wanaita Vita vya Ng'ombe. Huyu mvike chepeo ya kawaida na kiunoni mchomeke bomba la sindano, kijiti tu cha udongo chenye kichwa, inatosha.

Angalizo moja. Nimesema wakoloni. Ukitaka kumfinyanga kiongozi wa juzi hilo ni shauri lako na jiko lako, usinitaje.

Udongo

Hapa ndo watu wanapofeli kwahiyo ntakaa kidogo. Udongo wa mfinyanzi unapatikana mabonde ya mpunga, ukishaondoa ule mweusi wa juu wenye mizizi unachimba kama futi moja na nusu unaukuta, unanata kwenye jembe, rangi ya kijivu au kahawia. Pemba upo mwingi. Unguja upande wa mashariki kule ni mawe matupu usijisumbue, tafuta mabonde ya upande wa magharibi, na uombe ruhusa kwa mwenye bonde. Chukua bonge, viringisha kama kidole, kisha kizungushe kidole chako kama pete. Ukikatika katika achana nao. Ukizunguka vizuri chukua ndoo mbili.

Halafu jaribio la ndimu. Kausha kibonge kidogo juani, kikikauka kamulia ndimu. Kikikaa kimya alhamdulillah. Kikitoa povu na mlio mdogo kama soda, udongo una chembe za matumbawe, na visiwa vyetu hivi vimekaa juu ya matumbawe kwahiyo hili ni jambo la kawaida sana. Tatizo lake ni kwamba chembe zile zikipata moto mkali zinageuka chokaa hai, kama lile tanuri la chokaa tu ila dogo dogo ndani ya figa lako, halafu figa likishapoa na kukaa, chokaa inavuta unyevu wa hewani, inavimba, inarusha kipande cha udongo. Mafiga yangu ya pili yalitoka motoni mazuri mno, nikapiga picha nikatuma kwa shangazi zangu wote, siku ya nne asubuhi naamka nakuta Balozi ana vidonda kama ndui, kila kimoja kina doa jeupe katikati, na nusu ya chepeo iko sakafuni. Mjomba akasema mheshimiwa kashikwa na ugonjwa wa nchi za joto.

Dawa yake ni mbili. Loweka udongo kwenye ndoo siku tatu mpaka uwe uji, uchuje kwa kipande cha chandarua kuukuu, mchanga na mawe yote yanabaki juu. Na pale unapoukanda, tumia maji ya bahari. Bibi alikuwa anafanya hivo na mie nikidhani ni kwasababu kisima kiko mbali, kumbe chumvi inasaidia kuizuia chokaa isipasue.

Ukishachuja mwaga uji ule juu ya gunia kivulini upungue maji mpaka uwe kama donge la chapati. Sasa chenga. Tafuta vigae vya vyungu vilivyovunjika, vya udongo lakini, vile vya kauri viweke pembeni, vitwange mpaka viwe kama chenga za mchele. Tafadhali usitwangie kwenye kinu cha kisamvu, mie nilitwangia, yaliyonikuta ni ya nyumbani yabaki nyumbani. Bakuli mbili za udongo kwa bakuli moja ya chenga. Unaona nyingi? Lazima ziwe nyingi. Chungu cha maji hakihitaji zote hizo lakini figa linapata moto na kupoa kila siku, na chenga zile ndo zinazuia ufa, ufa ukianza unakutana na chenga unasimama.

Kanda kwa miguu kama nusu saa, kunja, kanda tena, kisha ufunike na gunia bichi wiki nzima. Usiruke wiki hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja kauri. Ukitembea ufukweni kule Unguja Ukuu au sehemu nyingi za Pemba maji yakitoka unaweza ukaokota kigae cha Kichina, vyombo vya Kichina vimeshuka pwani hii zaidi ya miaka elfu, na kwenye nyumba za Mji Mkongwe zidaka za ukutani zilipambwa kwa vyombo hivohivo. Huko kwao mafundi wa kauri walikuwa wanachora mpaka ugomvi wa watu wengine, ipo sahani ya buluu na nyeupe iliyochorwa China ikionesha wananchi wa Rotterdam wanaibomoa nyumba ya afisa wao mwaka 1690, fundi hajawahi kuiona Rotterdam maisha yake, kaletewa mfano, kachora tu. Vigae hivyo ukiviokota viache palepale tafadhali, hiyo ni mali ya kale, na pia kwa chenga havifai.

Kuumba

Finyanga kama chungu kilichogeuzwa, yaani mdomo chini. Viringisha kamba za udongo unene wa dole gumba, zungusha duara ya kwanza juu ya ubao uliopakwa majivu, upana wake kama sahani ya chai, halafu kamba juu ya kamba, kila kamba ibonyeze ndani na nje ishikane na ya chini. Ukuta ubaki na unene wa sentimita mbili. Chini pabaki wazi. Hapa naomba unisikilize, usifinyange bonge zima ukidhani ndo imara, bonge zima moyo wake haukauki, na mafiga yangu ya kwanza yote matatu nilifinyanga mabonge, yakalipuka motoni moja baada ya jingine kama fataki za mwaka mpya, jirani akatoka na ndoo ya maji.

Ukifika sentimita kumi anza kulipanua tumbo. Ingiza vidole ndani, sukuma taratibu kwa upande mmoja tu, wa mbele. Mgongo uache umenyooka. Tumbo ndo linatazama nje, kwako wewe mpishi, mgongo unatazama moto, kwahiyo bwana mkubwa anaungua mgongo na wewe unaona vifungo vyake tu. Magoti ni mabonge mawili pembeni chini, yapanue, yanaongeza upana wa kukalia na yanampa ule mkao wa kuchuchumaa. Mikono ipande juu mpaka kwenye ukingo wa chepeo, viwiko nje, na mikono hii si pambo, inashikilia ukingo usikatike uzito ukija. Kila unapounganisha kitu chanja chanja pande zote mbili kwa kisu, paka uji wa udongo, ndo ubandike. Ukibandika kavukavu mkono utabaki na wewe.

Jumla urefu uwe kama sentimita ishirini udongo ukiwa mbichi, utapungua kidogo ukikauka. Yote matatu yapime kwa kijiti kimoja. Kijiti kimoja! Seti moja hakimu alikuwa mfupi kwa upana wa kidole na sikujali, siku ya kwanza tu chungu kikaegemea upande wake, ubwabwa wote mchangani, na kuku wa jirani waliujua kabla yetu.

Chepeo ndo kiti cha chungu kwahiyo juu iwe bapa, na ielemee ndani kidogo, upande wa moto uwe chini kuliko upande wa tumbo, ili matatu yakikaa pamoja yatengeneze kama bakuli na chungu kisiteleze. Ukingo mpana kote. Balozi manyoya yake yapange juu ya ubapa kisha yabonyeze kwa kibao, ndo hapo niliposema yanalala.

Uso usiweke.

Hili nalifafanua kwa sababu kila mtu akinitembelea anauliza mbona hana uso. Kwanza mama yangu hataki sanamu ndani, na bibi alikuwa hivohivo, na mie sina ugomvi na masheikh, chini ya chepeo pana kivuli tu, udongo laini, bas. Lakini hata kifundi uso hauhitajiki. Mafundi wa Dehua, huko Fujian, walikuwa wanatengeneza visanamu vyeupe vya Wazungu kwa kuwauzia Wazungu, miaka ya 1700 hivi, na ukivitazama nyuso ni zilezile za Kichina walizozoea, kinachokuambia huyu Mzungu ni kofia ya pembe tatu. Kofia inatosha. Mtu mwenye cheo cha kofia ukimvua kofia hajulikani, na ukiibakisha kofia peke yake anajulikana mpaka na watoto. Halafu kuna faida ya tatu, ile ya fundi wa hekalu. Bibi aliwahi kutembelewa na wageni wenye heshima zao (si kwa mafiga haya, kwa chungu kimoja alichokitengeneza chenye kifuniko kama tarbushi), wakamuuliza bibi hii inamaanisha nini? Akawatazama, akasema, "Kifuniko." Basi na wewe ukiulizwa huyu nani, jibu lako ni "figa".

Kabla hujaliacha likauke, subiri siku moja au mbili lifike ugumu wa sabuni ya mche, kisha lisugue kwa kombe au kijiwe laini cha pwani mpaka ling'ae. Ukiwa na ngeu, ule udongo mwekundu, changanya na uji wa udongo upake kwanza ndo usugue, unatoka wekundu mzuri. Chukua spoku ya baskeli toboa tundu chini ya ukingo kwa ndani, pasipoonekana, mvuke upate pa kutokea.

Ile rangi ya kung'aa ya mafundi wa Taiwan usiitafute. Inahitaji tanuri la kweli, na ile ya kizamani ina madini ya risasi, haikai karibu na chakula.

Kukausha na kuchoma

Kivulini, juu ya ubao, wiki mbili wakati wa kaskazi. Masika ni mwezi na bado usiamini. Liweke shavuni, likiwa na ubaridi bado lina maji.

Siku ya kuchoma amka mapema kabla ya upepo. Washa moto mdogo wa vifuu, upate makaa, mafiga yapange kwa kuzunguka moto, mbali kama hatua moja, yageuze geuze kila baada ya muda na kila ukigeuza yasogeze karibu. Muda wa saa mbili hivi. Watu hawana subira hapa na ndo maana watu wanalipuliwa. Yakishakuwa ya moto mpaka huwezi kuyashika ndo unayapanga katikati juu ya vigae, mdomo chini, unayafunika kwa makumbi, kisha kuni nyembamba, juu makuti makavu, na pembeni weka vigae vikubwa vizuie upepo. Washa kwa chini. Ukiona mafiga yamekuwa mekundu ndani ya moto, mekundu ya giza kama tunda la damu, acha moto uanze kushuka wenyewe, usiongeze. Moto mdogo huu pia unakusaidia na ile habari ya chokaa, ukizidisha ndo unaiamsha.

Usiyatoe. Najua utataka. Yaache ndani ya majivu mpaka kesho asubuhi. Ukiyatoa gonga kwa kucha, yakilia kama kengele ndogo yameiva, yakisema pu pu yana ufa au hayajaiva.

Suti

Wale mabwana walivaa nyeupe, unaziona picha, nyeupe kuanzia viatu mpaka chepeo, na weupe ule ulifuliwa na kupigwa pasi na mtu mwingine. Kwahiyo changanya chokaa na maji, chumvi kidogo ishike, uwapake weupe mwili mzima, vifungo uviache vyekundu. Siku ya kwanza wanapendeza kama wanakwenda gwaride.

Wapange jikoni, matumbo nje, upana kati yao wa kutosha kuni tatu. Weka chungu. Washa. Ndani ya wiki moja migongo imekuwa meusi ti, wiki ya pili masizi yameshapita chini ya ukingo na kuja mbele, mwisho wa mwezi vifungo huvioni. Usiwafute. Mie nawapaka chokaa upya mara mbili kwa mwaka, kabla ya Idi, wanaanza tena na weupe wao.

Kwa matunzo ni mambo mawili tu. Usimwagie maji baridi figa la moto, hata kama chai imefurika, chota majivu uyatupe. Na ukihamisha shika tumbo, usishike kwa chepeo.

Yakivunjika, na yatavunjika, usiyatupe. Rudi kwenye kinu (siyo kile) uyatwange yawe chenga za seti inayofuata. Balozi niliye naye sasa hivi jikoni ni wa nne, na ndani yake yumo yule wa ndui, na hakimu mfupi, na mabonge yote yaliyolipuka.